Namna ya Kuvifundisha Viti Kutulia

Viti vya plastiki vya shirika la huduma za jamii vina miguu minne, na huitumia. Ijumaa unahesabu 60, Jumatatu unakuta 52. Vile vinane viko harusini mtaa wa pili, vimekaliwa na watu wenye sahani za pilau. Ukitaka vitulie, chukua rangi ya mafuta, andika namba chini ya kila kikalio, kisha iingize kwenye daftari la mali: kilinunuliwa lini, kwa bei gani, kiko chumba gani. Anayeazima asaini. Akiwa mwenyekiti wa bodi, mpe shikamoo kwanza, kalamu baadaye.

Kwenye manunuzi, macho yafanye kazi kuliko kalkuleta. Niliwahi kuletewa ankara kifani tatu za magodoro, za maduka matatu yenye mihuri mitatu. Nikazipanga mezani. Zote ziliandika "magodolo", na kila namba 7 ilikuwa na mkia uleule. Tangu siku hiyo napanda daladala, naingia dukani kama mteja yeyote, nauliza bei. Uliza pia kama VAT imo: kwa VAT ya asilimia 18, godoro la 100,000 bila VAT utalilipia 118,000, na kama shirika halijasajiliwa VAT, hiyo 18,000 hairudi.

Risiti ya mashine ya EFD nayo idai papo hapo, kisha itolee nakala siku hiyohiyo. Karatasi yake huchapwa kwa joto. Ikipigwa na jua la dirishani hupauka, na mkaguzi atakuta umebana kwa uangalifu mkubwa kijikaratasi cheupe.

Aagizaye asipokee, apokeaye asilipe. Mkiwa watatu tu ofisini, watatu wanatosha.

Mzigo ukifika, usisaini hati ya kupokelea ukiwa kitini. Nenda kwenye gari, hesabu godoro mojamoja, chana nailoni, weka rula. Kama mmelipia inchi 6 na rula inasema 4, gari ligeuze, hata dereva akilalamika kwamba jua linazama na utingo ameshaanza kushusha. Mpigie muuza duka hapohapo. Kule kituoni magodoro yanakopelekwa kuna mtoto analala kwenye mkeka tangu mvua za masika, na hizo inchi 2 ni zake.