Sifa za Mfuasi Hewa

Mfuasi hewa anatukanwa bure. Kweli, jina lake lina mkia wa tarakimu, picha ni ya kuazima, ukurasa wake hauna chapisho hata moja; anafuata watu maelfu, naye anafuatwa na watatu. Lakini katika biashara nzima ya kujijengea jina mtandaoni, hakuna anayetimiza wajibu wake kwa uaminifu kama yeye. Mwenye kusaka ushawishi anataka nini kwa wafuasi wake, kama si kuhesabika? Mfuasi mwenye damu huhesabika mara moja, kisha huanza ukorofi: anauliza sabuni unayoisifia kama umewahi kuiogea, anafukua ulichosema mwaka juzi, anasusa kwa neno moja. Hewa haulizi, hafukui, hasusi. Wala asifananishwe na watumishi hewa waliosakwa Tanzania nzima mwaka 2016, maana wale walikula mshahara kila mwezi. Huyu hulipiwa mara moja tu, tena kwa bei ya pipi.

Thamani yake huonekana siku anapofukuzwa. Desemba 2014 Instagram ilipofagia akaunti bandia, ukurasa wa Instagram yenyewe ulipungukiwa na wafuasi karibu milioni 19. Mwenye ufagio ndiye aliyekuwa na taka nyingi uani. Julai 2018 ikawa zamu ya Twitter, na Barack Obama akapoteza zaidi ya milioni 2. Si lazima mtu awe amewanunua. Akaunti bandia hujiambatanisha zenyewe na wakubwa ili zionekane za watu, adabu ambayo wengi wetu tunayo pia. Na mkubwa aliyeamka asubuhi akakuta hesabu imeshuka hakuwa amepoteza msomaji hata mmoja, lakini magazeti yalimwandika kama aliyefiwa.

Watasema huu ni wizi, kwamba mtangazaji wa bidhaa analipia macho yasiyoona. Serikali ya Marekani nayo iliona hivyo: mwaka 2019 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilimaliza kesi dhidi ya kampuni ya Devumi, iliyouza wafuasi wa bandia kwa maelfu ya wateja, kwa hukumu ya dola milioni 2.5. Ila tazama wateja wenyewe: waigizaji, wanamichezo, wanasheria, hata wahamasishaji wanaofundisha watu kujiamini. Mtangazaji aliyepanga bei kwa idadi, asiulize jingine, aliuziwa idadi kamili. Hakupunjwa hata mmoja.

Wengine hutaka watu halisi, wakidhani uhalisi ni dawa. Nchini Kenya, taasisi ya Mozilla ilichapisha mwaka 2021 uchunguzi kuhusu vijana wanaokodiwa kusukuma hashtagi za kisiasa, wakati huo zikiwapiga vita waliopinga BBI, mpango wa kubadilisha katiba ya nchi hiyo. Walikuwa watu hai, wenye vitambulisho na kodi ya nyumba inayowasubiri, wakipewa maagizo kwenye makundi ya WhatsApp, na malipo ya kampeni yakiwa kama dola 10 hadi 15. Kazi yao ilikuwa ileile ya hewa, kurudia walichopewa, isipokuwa wao walijua wanachokifanya. Kati ya hao wawili, hewa ana dhamiri safi zaidi, kwa kuwa hana kabisa.

Pingamizi moja ndilo zito. Gazeti la New York Times lilipochunguza Devumi, Januari 2018, lilikuta akaunti zisizopungua 55,000 zikitumia majina, picha na maelezo ya watu wa kweli, baadhi yao watoto. Msichana mmoja Mmarekani aliibiwa jina na sura yake, kisha pacha wake wa bandia akaonekana akiwanadi wauza nyumba wa Kanada na kituo cha redio cha Ghana. Mtetezi wa hewa hapa hukohoa kidogo, halafu anatoa hesabu. Yule msichana aliandikiana na marafiki zake, akafuata aliowapenda, na hakuna aliyewahi kumtolea hata senti. Pacha wake aliuzwa mara nyingi, kwa wateja tofauti, na wote walimhesabu.