Uzoefu wa Miaka Miwili kwa Anayeanza

Matangazo ya staji Lilongwe, Malawi, yana ucheshi ambao walioyaandika hawaujui. "Anatafutwa mwanafunzi wa uhusiano wa umma aje ajifunze kazi. Awe na uzoefu usiopungua miaka miwili." Sasa mwenye uzoefu huo atakuja kujifunza nini kwenu, kupika chai? Na mara nyingi ni chai kweli. Mwenzangu mmoja alimaliza staji yake akijua kila bosi anatia vijiko vingapi vya sukari. Ripoti aliipa jina "Kuitambua Hadhira Lengwa", akapata alama nzuri kuliko sisi sote.

Sisi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka tuna sharti la ziada. Makazi yetu yako wilaya ya Dowa, kilomita 45 hivi kutoka jijini, na mkimbizi akitaka kutoka sharti awe na kibali. Kibali kina tarehe, usaili nao una tarehe, na tarehe hizo mbili haziko kwenye maelewano mazuri. Ukibahatika kufika, Lilongwe yenyewe imegawanywa kwa namba, na namba hazifuati ujirani: Area 10 inapakana na Area 43. Nilimwuliza kondakta kama namba inayofuata ndiyo mtaa unaofuata, minibasi nzima ikaangua kicheko.

Ndivyo nilivyojikuta Nsungwi, Area 25, upande wa viwanda vya Kanengo, kwenye kibanda cha fotokopi. Nilitaka kuprinti barua za maombi tu. Mwenye kibanda, mayi mmoja mwenye sauti ya kutosha soko zima, akachukua CV yangu na kuwasomea wateja. Walisikiliza kwa makini. Mmoja akauliza mbona sijaweka kwamba najua kufua. Mayi alipofika kwenye "mawasiliano wakati wa janga" akanyamaza, akanitazama.

"Hii unaiweza?"

"Nimeisoma, Mayi."

"Basi kaa hapo. Janga linakuja saa nane."

Janga lilikuja saa nane kasoro. Lilikuwa mzee wa makamo aliyevaa koti, ankhoswe, yule mjomba anayesimamia ndoa kwa desturi ya Wachewa, na mikononi alibeba boksi la kadi za harusi. Kadi nzuri, zenye maua ya rangi ya dhahabu. Kasoro moja tu: harusi ya Jumamosi ilikuwa imeandikwa Jumanne. Na harusi za Malawi zina perekani, wageni wanacheza mbele ya maharusi huku wakiwamwagia noti. Jumanne wenye noti wako kazini.

Nikamkumbuka Ivy Lee, kwa sababu darasani kwetu hakuna wiki inayopita bila Ivy Lee. Oktoba 1906 treni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini huko Atlantic City, Marekani, ikaua watu zaidi ya 50. Kampuni za reli zilizoea kuficha mambo kama hayo. Lee, aliyekuwa akiifanyia kampuni hiyo kazi ya uhusiano wa umma, akawapa waandishi taarifa kamili mapema, na fani yetu inaihesabu kuwa taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari. Ukweli, tena haraka. Nikasimama: "Bambo, kosa ni letu. Tutachapa upya, hutalipa kitu."

Nyuma yangu nilisikia pumzi ikikatika. Kumbe Mayi alishaanza kueleza, kwa ufundi ambao hakuna chuo kinachoufundisha, jinsi umeme ulivyokatika usiku na kompyuta ikaamka na kalenda yake yenyewe. Ankhoswe alinisifu sana. Alisema biashara zote nchini zingekuwa na vijana kama mimi, Malawi ingefika mbali. Jioni ile mimi ndiye niliyefika mbali, maana kibandani sikutakiwa tena. Mzee aliniachia kadi moja iwe mwaliko wangu. Ninayo hadi leo, inasema Jumanne.

Nikarudi Dzaleka, nikapata staji kwenye kikundi kidogo kinachofundisha ushonaji. Kazi ya kwanza nilipewa tangazo tayari limeandikwa, nilitafsiri kwa Kifaransa, mwenzangu akalitia Kirundi, tukalibandika sokoni. "Usajili Jumatatu saa mbili asubuhi. Nafasi 30 tu. Njoo na kitambulisho. Kozi ya cherehani."

Mgeni hataona tatizo liko wapi. Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, wakimbizi wakaanza kupokelewa hapa mwaka 1994. Palipangwa kwa watu kama 10,000 au 12,000. Leo tumepita 50,000. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, tukabanana zaidi. Wengi tunasubiri kesi zetu zisonge, tupelekwe Kanada, Australia, popote. Duniani kote wanaopata bahati hiyo kwa mwaka hawafiki asilimia 1 ya wakimbizi. Mahali kama hapo, "usajili", "nafasi 30" na "kitambulisho" vikikaa kwenye karatasi moja, nani atafika kwenye cherehani?

Saa kumi alfajiri mlinzi alinipigia simu. Hakusema neno, aliielekeza simu kwenye kelele. Nilipofika, foleni ilikuwa imezunguka jengo na kuanza kujikanyaga mkia. Watu walibeba mafaili ya plastiki, picha za pasipoti, vyeti vya ubatizo. Familia moja ilikuja na masanduku. Muuza mandazi alishapanga karai lake, na kijana mmoja alikuwa akiuza namba za foleni, za juu kwa bei ya juu.

Nikapanda kiti, nikashika spika. "Wazazi wangu, hii ni kozi ya kushona tu!"

Kimya. Halafu sauti kutoka katikati: "Mmesikia? Wameanza kuficha." Waliokuwa wakiondoka wakarudi.

Kitabu cha Grunig na Hunt cha mwaka 1984 kinafundisha kwamba mawasiliano bora ni ya pande mbili zilizo sawa. Mimi nilikuwa na spika. Upande wa pili walikuwa na mama mmoja kutoka Uvira, na usawa haukuwepo kabisa. "Binti yangu," alisema kwa upole, "kama ni cherehani tu, kitambulisho cha nini?" Nikamgeukia meneja. Meneja alikuwa amezama kwenye simu yake. Swali lile halijajibiwa mpaka leo.

Tukaomba redio ya jamii isome kanusho. Jioni rafiki yangu mmoja akanipigia kutoka Lilongwe: "Najua huwezi kusema kwenye simu. Kohoa tu kama nafasi bado zipo." Kwa bahati mbaya nilikuwa na mafua.

Ukiniuliza, mtu aliyeifanya kazi hii vizuri kuliko wote hapa ni mshairi. Menes La Plume, Mkongo, alianzisha tamasha la Tumaini mwaka 2014, na tangu hapo Wamalawi wanakuja Dzaleka kwa nauli zao kusikiliza muziki, wengine wanalala kwenye nyumba za wakimbizi. Hakubandika kanusho lolote kwamba Dzaleka si mahali pa kuogopwa. Aliwaalika tu, kwa siku sahihi.

Sisi tulisajili wale 30 wa mwanzo, kwani ningewafukuza vipi? Namba moja alikuwa Papa mmoja wa Bukavu, mwalimu mstaafu, ambaye hakukosa kipindi hata kimoja. Suruali zake zina mishono iliyonyooka kuliko ya mwalimu wake. Siku ya vyeti alikipokea chake kwa mikono miwili, akakigeuza upande wa nyuma, akakisoma na huko ambako hakuna kitu, kisha akanivuta pembeni.

"Binti yangu, vipimo vya afya ni lini?"

"Papa, nilisema tangu mwanzo, ni kozi ya kushona."

"Vizuri sana," akasema, akanikonyeza. "Endelea kusema hivyohivyo."