Video Hukwama Penye Utamu

Sijawahi kuona taarifa ya habari ikikwama. Mtangazaji kakaa kitako, tai imenyooka, anasoma bei ya mafuta mpaka senti ya mwisho, na picha inang'aa utadhani yumo sebuleni. Mpira ukikaribia goli tu, kiduara kinaanza kuzunguka.

Fainali ya Kombe la Dunia ya 2022, Argentina na Ufaransa, niliitazama kwenye simu. Dakika ya 80 Mbappé wa Ufaransa akafunga penalti. Niliiona vizuri, maana kwenye penalti kila mtu husimama. Dakika ya 81 mwenzake Coman akamnyang'anya Messi wa Argentina mpira, kamera ikaanza kuufuata, nyasi na mashabiki wakapita kwa pamoja, na Mbappé akageuka viboksi vya bluu. Kisha kiduara. Kibanda umiza cha jirani kikalipuka. Mpangaji mwenzangu akagonga ukuta: "Umeiona hiyo?"

"Inakuja!" nikamjibu.

Kesho yake nikaenda kwa kijana wa duka la simu na hesabu yangu mkononi: kasi ya mtandao megabiti 4 kwa sekunde, video inakula 3. Inakwamaje?

"Mzee, hizo 3 ni wastani," akasema.

Kumbe video haitumi kila picha nzima. Kwa sehemu kubwa hutuma kilichobadilika. Mtangazaji hubadilisha midomo tu, kwa hiyo biti chache zinamtosha. Shambulizi la ghafla hubadilisha uwanja mzima, na video ya wastani wa 3 inaweza kudai 6 papo hapo. Ni kama hela ya matumizi ya nyumbani: kwa mwezi inatosha, mpaka Idi ifike.

Sinema ina nafuu. Wapenzi wakiwa wanatazamana machoni bila neno, simu inapakua kimyakimya vipande vya mbele, na magari yakianza kufukuzana akiba ipo. Mpira wa mubashara akiba yake ni ya sekunde chache tu, kwani goli ambalo halijafungwa halipakuliki hata ukiwa na bando la waziri.

Dawa ni kuwa na kasi inayozidi wastani kwa mbali, au kushusha ubora wa picha mapema. Pochi yangu imechagua la pili. Sasa naweka 480 kabla ya filimbi, na mpira hautikisiki. Mke wangu akiuliza nani kafunga, namjibu kwa kujiamini: "Yule mwenye jezi nyeupe."