Hija ya Mtu wa Basi

Wewe ukisikia watu wa jumuiya wanapanga hija ya Mashahidi wa Uganda kule Namugongo, usikimbilie kutoa mchango kabla hujauliza utakaa kiti gani. Mimi nililipa mapema. Nikapewa cha nyuma kabisa, juu ya tairi, katikati ya sufuria za kwaya na gunia la viazi. Nairobi hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 600. Nilizihesabu zote kwa makalio.

Huko mbele wanaimba. Wanasali rozari. Mimi nimekumbatia sufuria. Kila tuta, kifuniko kinanigonga kidevu. Nikinung'unika, mwenyekiti wetu ananigeukia: "Hayo mateso yatolee sadaka, Baba Kevo." Jameni! Pesa nimetoa, sasa na kidevu nitoe?

Lakini shida yenyewe ilikuwa viatu. Mama watoto alinikataza. Nikajifanya mjuaji, nikanunua pea ya mtumba inayong'aa. Muuzaji aliniapia kwamba vitapanuka. Kilichopanuka ni mguu.

Tukafika mkesha wa tarehe 3 Juni, sikukuu ya mashahidi hao. Watu! Na wengi wao wamekuja kwa miguu. Kutoka magharibi ya Uganda, kutoka Kenya, wengine Tanzania. Wamelala makanisani njiani, wameloa mvua, bado wanaimba. Nyanya mmoja wa kandambili, mzigo kichwani, alinipita mbio mbio. Mimi niliyeshuka kwa basi nachechemea nyuma yake.

Mara nikaona foleni. Mimi foleni huwa naingia kwanza, maswali baadaye. Kumbe ni sista anakanda miguu ya waliotembea, maji ya vuguvugu na chumvi. Nikavua, nikakaa. Sista akaushika mguu wangu, akaugeuza, akautazama unyayo.

"Umetembea kutoka wapi, ssebo?"

Nikakohoa.

"Kutoka wapi?"

"Kutoka... pale basi limeegeshwa."

Foleni nzima ikainua shingo. Sista, Mungu ambariki, alinipangusa kidole kimoja kimoja, kisha akaniomba kwa upole nimpishe kijana wa nyuma yangu.

Kesho yake katekista akatuingiza kwenye basilika. Ni la mviringo, limejengwa kwa mtindo wa nyumba ya jadi ya Waganda, na lina nguzo 22 za shaba, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Mimi nikaona ya kuegemea. Nikaambiwa si za kuegemea. Basi nikajisogeza karibu na altare, nikatoa kiatu kimoja polepole, nikamnong'oneza jirani: "Ndugu, hii miguu inawaka moto. Moto kabisa!"

Katekista akanyamaza. Akanitazama. Halafu akaendelea: hapo penye altare ndipo alipochomwa shahidi Karoli Lwanga mwaka 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Waganda. Walimtenga na wenzake, wakamchoma kwa moto wa taratibu, na walianzia miguuni.

Macho yote kwenye soksi yangu. Iliyotoboka.

Sasa mimi ningejuaje? Mimi nilidhani waliuawa na Warumi. Mashahidi si kawaida yao ni Warumi? Kumbe ni vijana wa ikulu, watumishi wa Kabaka mwenyewe. Mmoja wao, Kizito, alikuwa na miaka kama 14. Walifungwa ndani ya matete, wakalazwa juu ya kuni. Mwingine, Mbaga Tuzinde, mzee aliyemlea ndiye aliyekuwa mkuu wa wauaji, na alimbembeleza aikane imani aponee hapo. Kijana akakataa. Wangu pia hukataa ninachomwambia, lakini kwake huwa ni mambo ya kuzima televisheni.

Na kuni zilikuwa zile zile, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Siku hizi kila upande una eneo lake, lakini umati wenyewe haukuulizi wewe ni wa wapi, unakubeba tu. Ulinibeba hadi kwa Waanglikana. Nikaimba nao, nikatoa noti yangu kubwa. Narudi kwetu, kikapu cha sadaka kinapita, mfuko mtupu. Mwenyekiti akaona. Mwenyekiti huona kila kitu.

Mapapa watatu wamefika hapo: Paulo VI mwaka 1969, Yohane Paulo II mwaka 1993, Fransisko mwaka 2015. Sidhani kuna aliyeambiwa avae kiatu chake haraka.

Maji ya baraka ya kule niliteka, jerikani moja, nikalipakata juu ya zile sufuria hadi nyumbani. Ukitaka kidogo pitia, ila njoo na chupa yako. Na kama unajua mtu anayevaa namba 42, mwambie kuna viatu vinauzwa. Bei tutaelewana, lakini asinikandamize sana. Hivyo vimehiji.