Sikio Lilitosha

Enzi zetu kuandikishwa darasa la kwanza hakukuwa na mlolongo. Mwalimu alikutazama, akakwambia upitishe mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Ukilifikia, umeingia. Usipolifikia, unarudi nyumbani kula ugali mwaka mmoja zaidi ili mkono urefuke. Rufaa haikuwepo, na hakuna mzazi aliyeambiwa alete rimu ya karatasi.

Mimi nimeambiwa nilete rimu. Mtoto hajui kuandika jina lake, lakini anatakiwa aripoti na karatasi mia tano. Na ufagio wa chelewa. Na kidumu cha maji. Na madaftari ya mistari na ya visanduku, yote yafunikwe kwa kaki. Anayefunika ni nani? Ni mimi, usiku, gundi imenishika vidole, huku mwanafunzi mwenyewe akikoroma.

Najua mtanikumbusha kwamba ada ilifutwa shule za msingi mwaka 2001, na mwaka 2016 elimu bila ada ikapanda hadi kidato cha nne. Nashukuru sana. Ila shule zinafunguliwa Januari, na Januari hakuna aliyeifuta. Sikukuu imeondoka na mshahara, mwenye nyumba anataka kodi yake ya miezi sita, na mwanao naye anataka begi lenye picha ya buibui mtu. La bei nafuu, lisilo na picha, hataki hata kulivaa kwa majaribio.

Kwenye sare ndiko nilikochoka kabisa. Fundi wetu wa mtaani alipima kiuno cha mtoto kwa futi kamba, akaandika namba kwenye kiganja, halafu akashona kaptula ya mtu mwingine. Mtoto alipoivaa, alisimama katikati yake kama nguzo ya hema. Mapindo yakafika nusu ya ugoko.

"Fundi, hii vipi?"

"Baba, watoto wanakua. Hiyo anafika nayo la tatu."

"Na kiuno?"

"Mkanda."

Nikamwomba basi aweke lastiki. Akanitazama kwa huruma, akasema lastiki ni ya chekechea. Darasa la kwanza ni vifungo. Vifungo vyenyewe vitatu, vigumu, na matundu yake yametobolewa na mtu asiyependa watoto.

Hapo ndipo maandalizi yalipoanza kweli. Majirani wanampeleka wa kwao tuisheni kabla hata shule haijafunguliwa, eti asije akaachwa nyuma. Wa kwangu anahesabu mpaka ishirini, akiruka kumi na tano kila mara. Ukimuuliza iko wapi anasema haipendi. Mama yangu mzazi, aliyepeleka shule watoto wengi kuliko majirani wote hao, akaniambia kwa simu: "Mwanangu, hesabu atafundishwa na mwalimu. Kufungua kaptula mwalimu hamfundishi. Ana darasa zima."

Basi jioni zetu zikawa mazoezi ya vifungo. Mtoto anabanwa na mkojo, anakimbilia mlango wa choo, anasimama hapo akirukaruka mguu mmoja mmoja huku vidole vikihangaika na kifungo cha juu. Mama yake anataka kumsaidia, mimi nazuia kwa mkono: acha, mwalimu hayupo. Kifungo cha kwanza kinakubali. Cha pili kinagoma. Cha tatu hatukuwahi kukiona kikifunguliwa kwa wakati, na kaptula ya sare ilishafuliwa mara kadhaa kabla haijaijua shule.

Mkesha wa kufungua tukamvalisha vyote apendeze, bibi yake apigiwe picha. Akageuka geuka, akauliza:

"Baba, keshokutwa nitaenda tena?"

"Ndiyo."

"Na siku nyingine?"

"Zote, isipokuwa Jumamosi na Jumapili."

"Mpaka lini?"

"Mpaka umalize msingi, uende sekondari, halafu chuo, upate kazi."

"Halafu napumzika?"

"Halafu unaenda kazini kila siku."

Akamtazama mama yake, akanitazama mimi na shati langu la kazini lililolowa jasho. Hakulia. Akashika kaptula, akafungua kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu, chap chap, bila msaada wa mtu, akaivua na kumkabidhi mama yake.

"Mrudishieni fundi."