Shule ya Vidudu

Mama yangu hajawahi kulikubali neno chekechea. Kwake yeye, mtoto akitimiza miaka mitano anakwenda vidudu, kama nilivyokwenda mimi na kama walivyokwenda wenzangu wote wa Mbagala. Basi Desemba ile, mjukuu wake akiwa amempakata barazani, akamwambia, "Mume wangu, Januari hiyooo! Unakwenda vidudu."

Mumewe akauliza, "Vipo vingi?"

"Tele. Darasa zima."

Mimi nilikuwa napiga pasi. Nikacheka, nikaendelea na shati langu.

Maandalizi yalianza na mtihani. Bibi alimsimamisha mlangoni, akamwamuru apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Zamani, vyeti vya kuzaliwa vilipokuwa adimu, mkono huo ndio uliokuwa cheti: ukifika sikioni unaandikishwa, usipofika unarudi nyumbani hadi mwakani. Nikamweleza kuwa siku hizi mwalimu anataka cheti cha RITA, nacho tunacho. Bibi akasema karatasi huweza kudanganya, sikio halidanganyi. Mtoto akalishika. Tangu hapo kila aliyepiga hodi kwetu alionyeshwa sikio, fundi bomba na mchukua taka wakiwemo.

Ikaja zamu ya Kariakoo. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada, kuanzia darasa la awali. Ada haipo, ila sare ipo, viatu vyeusi vipo, madaftari yapo na kikombe cha uji kipo. Mke wangu, ambaye hana imani na macho yangu sokoni, alichomoa njiti kwenye fagio la chelewa, akaikata sawasawa na unyayo wa mtoto, kutoka kisigino hadi ncha ya dole gumba, akanikabidhi.

"Iingie ndani ya kiatu, ibaki nafasi ya kidole kimoja. Baba, kidole kimoja."

Nikaitia mfuko wa shati.

Mtaa wa Kongo wakati wa kufungua shule hutembei kwa miguu yako, unabebwa na watu. Nilinunua kaptula ya bluu na mashati mawili meupe, yote makubwa kidogo, kwa sababu muuzaji alisema neno ambalo hakuna mzazi mwenye jibu lake: "Mzee, mtoto anakua." Kisha njaa ikanishika, nikakaa kula mishikaki. Nyama ilikuwa ya ng'ombe aliyestaafu, ikanikwama kwenye magego. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoka na kijiti. Nikachokonoa kwa raha zangu, nikakivunja vipande viwili, nikavitupa chini kama mtu aliyeshiba.

Ndipo nikakumbuka nilichofuata Kariakoo.

Nilipiga magoti. Chini ya lile benchi palikuwa na vijiti vya kuwapimia viatu watoto wa kata nzima, na vyote vilifanana. Nikaokota kimoja ambacho roho yangu ilikiridhia, nikaenda nacho dukani nikiwa na uso wa mtu anayejua anachofanya.

Nyumbani mguu uliingia kiatuni, pakabaki nafasi ya ngumi. Nikasema, "Mtoto anakua." Mke wangu hakunijibu. Alikwenda kutafuta gazeti kuukuu la kujazia.

Wiki ya mwisho tulimpa mafunzo. Ukitaka kujisaidia, nyoosha mkono. Usipokee kitu cha mtu. Usiongee na mtu usiyemjua. Alikariri yote, na kila usiku tulimsikiliza tukijipongeza.

Jumatatu ilipofika, kaptula ilikuwa imevuka magoti na viatu vilimfuata kwa nyuma, kwa, kwa, kwa. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni pa darasa. Alimwinamia kwa upole.

"Jina lako nani, baba?"

Kimya.

"Hutaki kuniambia jina lako?"

Mwanangu akanigeukia, akaninong'oneza kwa sauti iliyofika hadi ofisi ya mwalimu mkuu: "Huyu simjui."

Nikawatambulisha, nikaondoka haraka. Saa nne simu ikaita.

"Baba, mtoto hajambo. Ila kuna jongoo."

"Jongoo yupi, mwalimu?"

"Wa kwenu."

Alikuwa amekuja naye ndani ya kopo la siagi: jongoo mnene kama kidole changu, pamoja na majani ya mchicha ya kula njiani. Wakati wa uji alilifungua kopo ili wote wamwone. Nusu ya darasa ilipanda juu ya madawati, nusu nyingine ikagombea kumshika. Jongoo mwenyewe alijikunja, akawaachia mambo yao. Mwalimu alipouliza sababu, mwanangu alimjibu vizuri kabisa, maana sasa walikuwa wanajuana: "Bibi kasema hii ni shule ya vidudu. Mimi nimekuja na changu."

Jioni alirudi amenuna. "Baba, hakuna vidudu kule. Ni watoto tu." Bibi yake alicheka hadi akajifunika khanga usoni.

Nilitaka kumlaumu mama. Kisha nikahesabu: kunyamaza tulimfundisha sisi, vidudu aliahidiwa na bibi, na viatu nilivinunua mimi. Mtoto hakukosea popote. Alishika kila neno kama tulivyolitamka.

Kwa hiyo wewe unayeandikisha mtoto Januari ijayo, mwambie shule ni nini kwa maneno yasiyo na mafumbo, na mtambulishe kwa mwalimu kabla hajaulizwa jina. Ukitumwa viatu, nenda naye mwenyewe. Kama haiwezekani, kata njiti mbili: moja ya kiatu, moja ya meno.