Msaragambo wa Kubonyeza

Kwetu Vihingo, Kisarawe, ukishajulikana kwamba una blogu, hukopi tena. Unakopwa. Mtu anayesomwa Muscat na Stockholm, watu wanasema, atakosaje elfu kumi ya salfa ya korosho? Nimeeleza mpaka sauti ikakauka kwamba kusomwa ni jambo moja na kulipwa ni jambo jingine. Mjomba wangu ndiye pekee aliyenisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Pole sana, mjomba. Basi nipe hata tano."

Imani hiyo ina wazazi wake. Septemba 2005 Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la Daily News, alikuwa Helsinki, Finland, kwenye mkutano. Huko akakutana na Ndesanjo Macha, ambaye tayari alikuwa na blogu ya Kiswahili iitwayo Jikomboe, na Ndesanjo akamfungulia ya kwake. Ndani ya miaka michache, harusi ya Dar es Salaam isiyotokea kwa Michuzi ilionekana kama bado haijafungwa vizuri. Pembeni mwa picha za maharusi, misiba na salamu za Watanzania wa ughaibuni yakajipanga matangazo ya makampuni. Kisha akaja Millard Ayo, ambaye tulimzoea redioni, naye akahamishia jina lake mtandaoni likawa duka kubwa. Kijana wa steshenari ya Mlandizi ninakochapishia karatasi zangu anawataja wawili hawa kila mteja anapolalamika bei ya kopi. Anachosahau kutaja ni kwamba wote wawili walianza wakiwa na kamera au maikrofoni mkononi na mji mzima mbele yao. Mimi nilianza na muhogo.

Nilikuwa na hesabu zangu. Muziki una watu wake, siasa ina watu wake na mahakama zake, lakini muhogo wa Kisarawe, ambao nusu ya Dar es Salaam inaula kwa chachandu barabarani, ulikuwa hauna mwandishi. Blogger ni bure. Google waliinunua mwaka 2003, na mpaka leo hawajanidai kodi ya pango. Ofisi pia ilikuwa bure, maana ilikuwa chini ya mwembe. Mtandao kwetu haupatikani nyumbani, unapatikana mwembeni, upande wa mashariki, ukiwa umesimama.

Ubaya wa ofisi hiyo ni kwamba haikuwa yangu peke yangu. Kila mwenye jambo zito la kusema kwa simu huja pale. Nami kwa kuwa kidole changu ni kizito kwenye kioo, huwa nasema na simu inaandika. Siku moja nilikuwa nasimulia upandaji wa pingili, na hatua chache kutoka kwangu jirani alikuwa anamwomba radhi mkewe aliyerudi kwao Maneromango. Simu yangu haikubagua. Makala ikatoka hivi: "Kata pingili yenye macho matano hadi saba, nisamehe mke wangu sikuwa na akili, uilaze kwenye tuta, naapa sirudii, kisha uifukie." Bando likaisha nikiwa nimeshaituma. Hakuna makala ya kilimo iliyowahi kusomwa Vihingo kama ile. Mke alirudi. Mkulima mmoja wa Mzenga alinipigia kuuliza kama ile radhi inaombwa kabla ya kufukia au baada.

Nikawa naanza kuzoea umaarufu, mara Machi 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu ajisajili Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA: maombi shilingi 100,000, leseni 1,000,000, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Asiyetii, faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mpaka hapo blogu yangu ilikuwa imeingiza senti za dola zisizotosha andazi. Ukoo ukakaa kikao. Baba mdogo alitaka kuelewa jambo moja tu: "Milioni mbili na laki moja, kwa kuandika habari za muhogo? Kwani muhogo una siri gani ambayo serikali haitaki itoke?" Mtendaji naye alipita, kwa heshima zote, akauzunguka mwembe mara mbili kama mtu anayepima jengo, akaniuliza kama ofisi ina choo. Juni mwaka ule blogu nyingi zilifungwa nchini, na hata JamiiForums ilizimika kwa muda. Ya kwangu ilifungwa bila gazeti lolote kuandika.

Baadaye ada zilishushwa, na mwaka 2022 kanuni zikarekebishwa tena, leseni ikawalenga wanaorusha habari na matukio kama vinavyofanya vyombo vya habari. Kwa maana nyingine, kwa mujibu wa sheria, muhogo si habari. Mtani wangu, Mnyamwezi mwenye duka karibu na ofisi ya kijiji, alisema hilo angeniambia bure tangu 2018. Sikumjibu, nilikuwa namdai sukari. Au yeye alikuwa ananidai. Hesabu za watani hazifungwi.

Nikafungua tena, safari hii kibiashara. Nikajiunga na kampuni moja ya Marekani inayoweka matangazo kwenye kurasa za watu. Kiswahili kwa miaka mingi hakikuwa kwenye orodha ya lugha zake, kwa hiyo kwa tahadhari nikaongeza kurasa za Kiingereza alizoniandikia kijana wa steshenari, ambamo kisamvu kiliitwa majani ya mti. Nikajifunza pia kwamba tangazo mara nyingi humfuata msomaji kuliko maandishi. Binamu yangu aliye Sweden alifungua makala ya kumenya muhogo akakuta pembeni yake matairi ya kuendeshea gari kwenye theluji. Akanipigia kunipongeza kwa kupanua biashara. Halafu kuna hili, ambalo sikuthubutu kulitangaza kijijini: mbonyezo wa mtu wa Ulaya kwa kawaida una thamani kuliko mbonyezo wa mtu wa Mzenga, kwa sababu mwenye matairi anajua nani ana gari. Binamu mmoja mwenye baridi alikuwa ananifaa kibiashara kuliko kata nzima.

Kampuni hiyo haitoi pesa kabla hujafikisha dola 100. Lakini ukifika dola 10 wanataka kwanza kuhakikisha upo duniani, na hapo ndipo wanapokuletea namba ya siri kwa barua. Barua ya karatasi, yenye stempu. Watu walioweza kujua kwamba binamu yangu anahitaji matairi hawakuweza kujua kwamba mimi nipo, mpaka posta ithibitishe.

Sasa, anwani. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, ilifanyika operesheni ya anwani za makazi nchi nzima, nasi tukapata namba ya nyumba na jina la njia. Njia yenyewe ilikuwa inatumiwa zaidi na mbuzi, lakini kibao kilipendeza. Nikaijaza anwani ile kwa fahari, na chini yake, kwa kuwa fahari haibebi barua, nikaweka sanduku la posta la shule, ambalo ndilo linalopokea barua za watu wote wasio na sanduku.

Barua ilikuja. Tatizo ni kwamba ilifika kijijini kabla ya kunifikia mimi. Mwalimu aliyeichukua mjini aliiweka kwenye meza ya ofisi. Mzazi mmoja aliyekwenda kulipa mchango wa uji akaiona ina maandishi ya kigeni na jina langu. Jioni yake nilikuwa nimepata viza. Asubuhi nilikuwa nasafiri. Wazee wawili walikuja kunipa namba za wajukuu zao ili nikifika niwavute. Kijana mmoja aliniletea vyeti vyake vya kidato cha nne katika bahasha ya kaki, akanisihi nisivikunje. Shangazi, ambaye kwa kawaida kuku wake hawachinjwi mpaka waumwe, alichinja.

Barua ikafunguliwa mbele ya wageni, sahani zikiwa bado mkononi. Ndani kulikuwa na tarakimu sita.

"Hizi ndizo pesa?" akauliza shangazi.

"Hapana, shangazi, ni namba."

"Namba ya nani?"

"Yangu."

Shangazi akaitazama ile karatasi, akalitazama paja la kuku lililokuwa kwangu, akalichukua. Mtani alikuwa amesimama mlangoni, sijui nani alimwalika. "Mzaramo kapewa namba ya foleni," akasema, "sasa asubiri kuitwa."

Dola zilikuwa zinapanda kwa mwendo wa kinyonga. Ndipo nikapata msaada ambao sikuuomba. Mjomba alinihoji kwa utulivu namna pesa zinavyoingia, nami nikamweleza vizuri, kama mtu anayeeleza mvua: mtu akiona tangazo, akilipenda, akalibonyeza, kuna senti inaandikwa kwangu. Nikaongeza kwamba mimi mwenyewe siruhusiwi kubonyeza wala kumwomba mtu abonyeze. Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Na kweli alikuwa ameelewa. Mimi nisiombe. Basi hakuna aliyekuwa na haja ya kuombwa.

Usiku ule, wakati wa bando la usiku, kukafanyika msaragambo. Tunalima shamba la mjane kwa msaragambo, tunachimba barabara kwa msaragambo, kwa nini mtoto wa watu ateseke na dola 100? Simu janja zote zilizokuwapo zilikusanywa mwembeni, za kukodi na za kukopwa, na nyingine zilitoka vijiji vya jirani kwa bodaboda. Wenye kitochi walishika tochi. Wazee waligawana zamu. Bibi mmoja asiyejua kusoma alibonyeza matangazo ya bima ya maisha, mikopo ya nyumba na chuo kikuu cha Australia kwa uaminifu ambao sijawahi kuuona hata kwenye kupiga kura. Inasemekana walipiga na wimbo. Mimi nilikuwa nimelala.

Asubuhi nilipofungua ukurasa wa mapato nilidhani macho yana ukungu. Dola zilikuwa zinachungulia 100. Nilitoka mbio kwenda kumshukuru Mungu, na nilipofika mwembeni nikakuta nyasi zote zimelala, vikombe vya kahawa vimezagaa, na mjomba amekaa kwenye mzizi, macho mekundu, uso umejaa furaha ya mtu aliyemaliza kulima ekari.

"Tumekusogeza, mjomba," akasema. "Leo usiku tunamalizia."

Usiku haukufika. Mchana ikaja barua pepe ndefu ya Kiingereza. Kijana wa steshenari aliisoma mara mbili, akavua kofia. Akaunti imefungwa kwa mibonyezo batili. Walikuwa wamegundua kwamba sehemu moja ya dunia, katika saa chache, eneo lisilozidi kivuli cha mti, ilikuwa imeonyesha hamu isiyo ya kawaida ya bima ya maisha. Pesa zote zinarudishwa kwa wenye matangazo. Niliporudi kuwaeleza, hakuna aliyekasirika kuliko yule bibi. Alitaka kujua hao Wamarekani wanataka watu wabonyeze au hawataki, waseme moja.

Baada ya hapo blogu ikabaki na kazi ile ile iliyomkuza Michuzi, yaani harusi na misiba. Watu wetu wako Dar es Salaam, Unguja, Oman, na taarifa ya msiba iliyopita kwangu hufika kabla ya gari la kwanza kutoka Mlandizi. Lakini tanzia utaitozaje? Mtu kafiwa, umwambie lete elfu ishirini ya tangazo? Kwa hiyo nalipwa kwa desturi. Nimeshalipwa mananasi, korosho, jogoo mmoja mgomvi. Steshenari hawapokei mananasi. Nimewauliza.

Basi ikaja tanzia ya mzee mmoja. Familia ilileta picha ya harusi ya zamani, wazee wawili wamekumbatiana, wakasema marehemu ni wa kushoto. Hawakusema kushoto kwa nani. Kijana wa steshenari aliikata picha kwa uangalifu mkubwa, akambakiza aliye hai, muuza mkaa mmoja mwenye ndugu wengi Muscat. Jina lilikuwa sahihi, lakini nani husoma jina wakati picha ipo?

Muuza mkaa alianza kupokea simu alfajiri. Akisema "Haloo," upande wa pili unapiga yowe na kukata. Kisha zikaanza kuingia rambirambi kwenye simu ya mkewe, kutoka Oman, kutoka Zanzibar, kutoka kwa mtu mmoja wa Mbagala aliyekuwa anadaiwa na marehemu na dhamiri ikamsuta. Mke alilia kidogo kwa adabu, akaendelea kupokea.

Mimi nikaiondoa picha haraka, nikaweka ya marehemu wa kweli, nikakaa kusubiri matusi. Jioni muuza mkaa akaja, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Alisalimia, akakaa, akanihesabia noti za elfu kumi mkononi, moja baada ya nyingine. Ndizo pesa taslimu za kwanza ambazo blogu hii imewahi kuingiza.

"Mzee wangu," nikamwambia, "tuwie radhi, nimeshaitoa ile picha."

Uso ukamshuka. "Mbona mmeharakisha hivyo?" Akafikiri kidogo, akanisogelea, akashusha sauti. "Haya, yamepita. Lakini arobaini yangu utaitangaza, sivyo?"